Dakika Arobaini

Mtaani walimwita Sentimita, na jina hilo hakupewa bure. Alikuwa seremala asiyekata ubao kabla hajaupima mara tatu, na hata akikaribishwa chai kwa watu alikuwa na tabia ya kupitisha kiganja ukingoni mwa meza kuangalia kama imekaa sawa. Tangu baba yake apooze upande wa kulia, mwaka na nusu uliopita, vipimo hivyo vyote vilihamia nyumbani. Alikata miguu ya kitanda cha mzee ili kilingane na kiti cha magurudumu. Akapigilia mbao za kushikilia kutoka chumbani hadi chooni, kimo cha nyonga. Akatengeneza kiti chenye tundu katikati, akakipiga msasa siku mbili nzima, maana ngozi ya mzee ilikuwa imekuwa nyepesi kama karatasi ya kufungia sabuni. Ukiigusa vibaya inachanika.

Mzee mwenyewe alikuwa karani wa bohari siku za kazi, na siku za mapumziko mwamuzi wa mpira, kwa miaka ishirini na minane. Watu walimwita Refa, na Refa hakuwa na mchezo: aliwahi kumpa mdogo wake wa tumbo moja kadi nyekundu mbele ya uwanja mzima, wakaenda mwezi mzima hawasalimiani. Sasa katika maneno yote aliyokuwa nayo lilibaki moja tu. "Bado." Ukimuuliza kama ameshiba, bado. Ukimuuliza kama anasikia maumivu, bado. Ilibidi umtazame usoni ujue bado hiyo ni ya ndiyo, ya hapana, au ya niondokee hapa.

Ijumaa hiyo Sentimita aliamka mapema kuliko kawaida. Dada yake mkubwa, mwalimu katika mji mwingine, alikuwa ndani ya basi tangu alfajiri. Wiki moja nyuma alikuwa amepiga simu na kuongea kama anayesoma matangazo mstarini.

"Mdogo wangu, Ijumaa nakuja kumchukua baba. Mwanaume peke yako na mgonjwa ndani, utamwogesha mpaka lini? Kazi zako zimekufa, mkeo alishaondoka zamani, utazeeka kabla yake. Huku nina chumba, nitatafuta mama mmoja wa kukaa naye."

"Tutaongea ukifika," alijibu.

Asichomwambia ni kwamba tangu simu ile alikuwa hajielewi. Kuna saa alitamani dada afike hata kesho, ambebe mzee na mito yake yote. Na kuna saa, hasa akimfuta mzee mgongo na mzee akafumba macho kwa raha, alijiona akisimama mlangoni na nyundo kumzuia.

Asubuhi ilikwenda kama kawaida. Alimgeuza, akamwogesha kwa maji ya vuguvugu, akamkausha katikati ya vidole vya miguu, akamvalisha shati akianzia mkono uliolala. Kisha uji. Muuguzi wa hospitali alikuwa amemfundisha uji huo kama mtu anavyofundishwa kuendesha gari: mzee akae wima, kidevu kishuke kidogo, kijiko kidogo, subiri ameze, chungulia mdomoni, ndipo kijiko kingine. Koo la mzee lilikuwa limepooza nusu kama mkono wake. Hata maji ya kunywa yalikorogwa na unga kidogo yawe mazito, yasikimbilie njia ya hewa. Wali, nyama, mkate, biskuti, vyote mwiko. Bakuli moja lilichukua dakika hamsini. Refa alikuwa akiukodolea uji ule macho yale yale aliyowahi kuwakodolea washika vibendera waliolala kazini.

Saa tatu Baba Mdogo akafika. Huyu ndiye aliyepewa kadi nyekundu. Alikuwa dereva wa lori hadi mgongo ulipomkatalia. Sasa alikuwa na pikapu yake kuukuu na maneno mengi, na siku hiyo alikuja kwa ajili ya kikao cha familia.

"Refa! Leo umenyolewa, unapendeza kama mwali," alisema, akavuta kiti karibu na kaka yake. Kisha akamgeukia Sentimita. "Na wewe mwanangu, bado unampa udongo wa ukuta?"

"Uji, Baba Mdogo."

"Ule si uji, ule ni plasta."

Wakati huo simu ikaita. Alikuwa mkandarasi mmoja, yuko mlangoni pa karakana mtaa wa nyuma, anataka kuona mtu atakayemtengenezea ngazi ya nyumba ya ghorofa. Ngazi ya kujipinda. Mwaka na nusu Sentimita alikuwa akirekebisha vigoda na kubadilisha bawaba za kabati.

"Nenda," Baba Mdogo alisema. "Mimi nipo. Ni kaka yangu, si mzigo wa kioo."

"Ameshakula. Asile kitu chochote mpaka nirudi. Hata maji, Baba Mdogo. Hata tone."

"Nimekusikia, daktari."

"Dakika kumi tu," Sentimita alisema, akatoka nusu anakimbia.

Mkandarasi alikuwa mtu mpole mwenye ramani iliyokunjwa kwapani. Waliitandaza juu ya meza ya kazi, wakaishikiza kwa randa. Ngazi ilipanda kwa kujizungusha robo duara, na kila kikanyagio kilikuwa na umbo lake. Sentimita alitoa penseli nyuma ya sikio. Akauliza kuhusu unene wa ukuta. Akaeleza jinsi ya kuunganisha mkono wa ngazi bila msumari kuonekana. Mkandarasi akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, na heshima ile ilimlevya. Ilikuwa muda mrefu mtu hajamuuliza jambo lisilohusu choo, mto au dawa. Ukutani kulikuwa na saa. Aliiangalia ilipotimia nusu saa, akaona kabisa ni nusu saa, kisha akageuza ramani kuangalia upande wa pili.

Alipofungua mlango wa nyumbani zilikuwa zimepita dakika arobaini. Alimsikia Baba Mdogo kutoka koridoni.

"Kohoa, kaka. Kohoa tu, itatoka."

Kilichomkata maini ni kwamba hakusikia kikohozi chochote kikijibu.

Refa alikuwa kitini, shingo imetutumka, macho yamemtoka pima, mkono mzima unakwaruza koo. Midomo ilikuwa na rangi ya wino. Mapajani palikuwa na kisahani, na juu yake nusu kipande cha mkate uliopakwa siagi, alama za meno bado mbichi.

"Amepaliwa kidogo tu," Baba Mdogo alisema, kikombe cha maji mkononi. "Nimempa maji, nayo—"

"Toka!"

Hakuwahi kumwambia hivyo mtu mzima maishani mwake. Alimsukuma pembeni, akafunga breki za kiti, akamwinamisha mzee mbele juu ya mkono wake wa kushoto, na kwa kitako cha kiganja akampiga kati ya mabega. Moja. Mbili. Mifupa ya mzee ililia kama sanduku tupu. Tatu, nne, tano. Hakuna kitu. Hakuna pumzi inayoingia wala inayotoka.

Akapiga magoti nyuma ya kiti, akazungusha mikono yote miwili, kiti na mtu kwa pamoja, akatafuta kitovu, akaweka ngumi juu yake kidogo. Alijua anaweza kumvunja mbavu. Akavuta kwa ndani na juu. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mkono wa mzee uliokuwa ukikwaruza koo ukalegea, ukaanguka pembeni.

"Ewe Mola," Baba Mdogo alisema kwa sauti ya mtoto.

Mara ya tatu Sentimita alivuta kwa hasira, akasikia kitu kikisogea ndani, na mara ya nne donge jeupe likatoka, likaanguka kwenye shati. Kisha hewa ikaingia, ndefu, ikikwaruza kama bawaba iliyoshika kutu. Alimgeuza uso, akachungulia mdomoni, akatoa kwa kidole vipande alivyoviona. Rangi ilianza kurudi masikioni. Lakini pumzi yenyewe haikuwa ya kawaida. Ilikuwa na maji ndani yake, ikichemka chini chini kifuani.

"Gari," alisema. "Lete gari mlangoni."

Baba Mdogo aliendesha kama alivyoendesha ujana wake, taa zinawaka mchana, kidole kwenye honi. Sentimita alikaa katikati, akimkumbatia baba yake aliyeegemezwa mlangoni, akihesabu pumzi. Walipokwama nyuma ya trekta, Baba Mdogo alisema bila kugeuka:

"Aliniomba."

Sentimita aliendelea kuhesabu pumzi.

"Nilikuwa nakula mkate wangu na chai. Akaunyooshea kidole. Mwanangu, macho yake ungeyaona! Mtu mwaka mzima anakula plasta. Nilidhani unazidisha tu, na vipimo vyako." Trekta likapisha, akakanyaga mafuta. "Dada yako ana mdomo, unamjua. Akisikia ni mimi, sitakanyaga tena kwa kaka yangu mpaka nazikwa. Sema alipaliwa na uji. Nakuomba. Nimekulea mimi."

Kweli alikuwa amemlea. Miaka miwili ya utoto wake Sentimita alipanda lori lile kila likizo, akilala kwenye kiti cha nyuma, akila alichokula dereva. Aliangalia ile mikono ya kizee juu ya usukani, akataka kuipiga, na papo hapo akataka kulia.

Hospitalini walimpokea Refa mbio mbio, wakamwekea oksijeni, wakampiga picha ya kifua. Daktari kijana mwenye macho ya usingizi alitoka baada ya saa moja. Alisema maji na mkate vimeingia kwenye pafu la kulia. Wameanza dawa za sindano. Siku mbili zijazo ndizo zitakazosema.

"Aliyemzibua alijua anachofanya," aliongeza. "Ila nani alimpa mkate mgonjwa kama huyu?"

Hakungoja jibu, aliitwa kwingine. Baba Mdogo alikuwa akiangalia viatu vyake.

Waliketi kwenye benchi la koridoni, wameachana nafasi ya mtu mmoja. Saa zikaenda. Muuguzi akapita na beseni. Kila mlango wa wodi ulipofunguka Sentimita aliinuka, kisha akakaa. Kichwani alikuwa akisema na dada yake. Alijaribu sentensi moja baada ya nyingine, kama mtu anayejaribu funguo. Ile iliyofungua kwa urahisi zaidi ilikuwa fupi: si mimi, ni huyu hapa. Ilikuwa ya kweli pia. Lakini kila alipofika mwisho wake aliona ile saa ya ukutani karakanani, na mkono wake mwenyewe ukigeuza ramani.

Dada alifika saa kumi, na begi lake la safari begani, vumbi la njia kwenye sketi. Alikuwa mrefu kama baba yao, na sauti yake ilikuwa na filimbi ndani yake kama ya baba yao.

"Yuko wapi?"

"Ndani. Wanamsafisha kifua, tusubiri nje kidogo."

"Jirani aliyewaona mkimpakia garini aliniambia kwenye simu amepaliwa. Amepaliwa na nini?"

Baba Mdogo alijisogeza mwisho wa benchi.

"Na mkate," Sentimita alisema.

"Mkate!" Watu wawili mwisho wa koridoni wakageuka. "Wewe si ndiye uliyeniambia hata punje ya wali ni hatari? Kila simu unanisomea sheria. Halafu unampa mkate?"

"Sikuwepo, dada."

"Hukuwepo?"

"Nilitoka. Kulikuwa na mtu karakanani, anataka ngazi. Nikaaga dakika kumi nikakaa arobaini." Sauti yake ilikuwa chini lakini aliendelea, maana alijua akinyamaza hataanza tena. "Sikusahau. Niliiangalia saa. Niliona muda umepita, nikaendelea kuongea habari za ngazi. Ilikuwa tamu, dada. Nilisahau harufu ya dawa. Niliporudi ndipo nikamkuta vile."

Dada alimtazama kama hajawahi kumwona. Mkono wake ulikuwa umekaza ukanda wa begi.

"Na alikuwa na nani?"

Sentimita hakumwangalia Baba Mdogo. Aliangalia ukuta wa mbele, palipobanduka rangi, na akangoja. Ilikuwa kungoja kubaya, kwa sababu hakujua atafanya nini kama hakuna mtu atakayesema.

"Na mimi," Baba Mdogo alisema.

Alisimama, ingawa mgongo ulimuuma kusimama.

"Mimi ndiye niliyempa. Mkono huu. Kijana aliniambia asile hata tone, nami nikamwona kama anamfunga kaka yangu jela. Akaomba nikampa. Alipopaliwa nikaongeza maji juu yake." Akafuta uso kwa kiganja. "Na njiani nikamwomba huyu adanganye. Hilo nalo ulijue."

Walimngoja Dada alipuke. Sentimita alikuwa tayari amejikaza kama mtu anayesubiri sindano. Lakini Dada alirudi nyuma hatua moja, akaketi kwenye benchi, pale katikati palipokuwa wazi. Akafungua zipu ya begi. Kati ya kanga na daftari za wanafunzi alitoa boksi la biskuti, zile za maziwa, ambazo Refa alikuwa akinunua kila mwisho wa mwezi walipokuwa wadogo.

"Nilimletea hizi," alisema. "Nilipanga nimpe moja. Wewe ukitoka nje. Nilisema moja haina neno, anazipenda." Aliligeuza boksi mikononi, kisha akaanza kulia bila sauti, mabega yanatikisika, na Baba Mdogo, ambaye hakujua afanye nini na mwanamke anayelia, akamshikia begi.

Dada akafuta machozi, akauliza, "Mdogo wangu, kwa nini hukuwahi kuniambia?"

"Nikuambie nini?"

"Kwamba umefika hapo. Mpaka ngazi ya mtu inakuwa tamu hivyo."

Sentimita alitaka kusema hajafika popote, yuko sawa, anamudu. Hilo ndilo jibu lake la siku zote. Lilimfika mdomoni likakataa kutoka.

"Nimechoka, dada," alisema. "Nampenda, na nimechoka. Wiki mbili zilizopita alinitemea dawa mara tatu, nikamshika mkono kwa nguvu. Nikaona alama ya vidole vyangu. Sikumwambia mtu."

Dada aliliweka boksi la biskuti kando. Baba Mdogo naye, ambaye kwa kawaida angepata la kuchekesha, alikaa akiangalia begi mapajani.

Siku mbili za daktari zikawa nne. Siku ya pili homa ilipanda hadi Refa hakumtambua mtu, na Sentimita akamwomba Dada aende kuulizia ubao kwa ajili ya jeneza kwa fundi mwingine, maana yeye hataweza. Dada alikataa katakata kutoka. Siku ya nne asubuhi mzee alifumbua macho, akamtazama muuguzi aliyekuwa akichelewa na shuka, akasema "bado" kwa ukali uliowafanya wote watatu wainuke.

Hapo wodini ndipo Dada alipoona kazi yenyewe. Alimwona mdogo wake akimgeuza mzee bila kumvuta, akiongea naye muda wote kama wanaokwenda pamoja sokoni, akijua bado ya kiu na bado ya kuona haya. Wauguzi walimwachia nafasi. Siku ya sita Dada alimwambia, "Nikimchukua, nitamkabidhi kwa mtu nisiyemjua, nami niende darasani. Siwezi tena kujidanganya. Abaki kwako. Lakini hutabaki peke yako."

Hawakuandikiana mkataba. Dada angekuja likizo zote, na Sentimita aondoke nyumbani siku hizo, hata kama ni kwenda kulala karakanani. Jumanne na Ijumaa zamu ya kukaa na mzee na kumlisha ingekuwa ya Baba Mdogo, na hapo pakawa na kazi.

"Mimi?" alisema. "Baada ya nilichofanya?"

"Kwa sababu ya ulichofanya," Dada alisema. "Wewe hutarudia."

Wiki tatu alifundishwa. Kwanza alimlisha Sentimita mwenyewe, amefungwa taulo shingoni, na dereva wa lori akitokwa jasho jembamba kwa kijiko cha chai. Kisha akamlisha kaka yake, Sentimita amesimama kando. Refa alimtazama kwa muda mrefu, huyu aliyekaribia kumuua, kisha akafungua mdomo.

Jumanne ya kwanza Sentimita alipomwachia, alisimama mlangoni dakika nzima.

"Nenda bwana," Baba Mdogo alisema. "Unaniangalia kama trafiki."

Akaenda. Mkandarasi alikuwa amemngoja, na mbao za ngazi zilikuwa zimelala karakanani zikinukia. Alishika patasi, akaiweka. Akashika penseli, akachora, kisha akairudia patasi. Haikupita saa moja simu ikaita, jina la Baba Mdogo likawaka, na patasi ikaanguka sakafuni.

"Kuna nini? Amefanyaje?"

"Anacheka," Baba Mdogo alisema, anahema. "Nimemwaga uji wote kwenye suruali yangu, na yeye anacheka mpaka machozi yanamtoka. Niendelee kumlisha au nisimame?"

Sentimita aliegemea meza ya kazi.

"Simama kwanza. Mwache acheke mpaka amalize. Mwinamishe mbele kidogo, usimpe kitu mpaka pumzi itulie."

"Mwinamishe mbele. Nimesikia. Hata tone."

"Hata tone."

Baba Mdogo alisahau kukata simu. Ilisikika akiiweka mezani, kisha akimgombeza kaka yake kwamba suruali hii ni mpya, na nyuma ya maneno hayo kikaja kicheko kilichopinda upande mmoja, kikavu, kisicho na maji ndani yake. Sentimita alikisikiliza mpaka kikatulia, akasikiliza na pumzi iliyofuata, na iliyofuata tena. Kisha akakata yeye, akaokota patasi, akaangalia kama imevunjika ncha.